Inasu Kauliza Nani Kafa

Jumatano, tarehe 19 Juni. Mvua ilianza kabla ya alfajiri, ikapumua kidogo saa moja, kisha ikarudi kama mgeni aliyesahau mwavuli wake. Bati la mgahawa wa Povu lilivuja palepale linapovuja kila mwaka, na sufuria ya kila mwaka ilikuwa chini yake. Wateja waliikwepa bila hata kuitazama.

Devassy alifika baada ya Misa ya kwanza, akakung'uta miguu, akakaa mwisho wa benchi. Yeye ndiye mgonga kengele wa kanisa la Chelakkadavu, huku Kerala, mwaka wa thelathini na moja sasa. Povu alimsogezea chai. Jina halisi la Povu ni Kuttappan, lakini kwa kuwa humimina chai kutoka juu ya kichwa chake mpaka chini ya kitovu, na nusu ya glasi ikawa povu, wateja walimbatiza upya bila kumwomba ruhusa. Pembeni alikaa Mwalimu Gopinathan, mstaafu, aitwaye Kamati kwa sababu hakuna kamati iliyowahi kuundwa hapo bila yeye kuwamo, hata ile ya kuchunguza kamati nyingine. Gazeti lilikuwa mikononi mwake. Wengine husomewa, watake wasitake.

Moideen wa bajaji ndiye aliyeleta habari. Huyu ni Breki, na si kwa sifa. Aliingia amelowa, simu kaiinua juu kama anaikinga na mafuriko.

"Inasu kafa."

"Inasu yupi?" Povu akauliza.

"Kwani tuna Inasu wangapi? Inasu wa sinema. Inasu Chelakkadavu, mchekeshaji wetu."

Kamati akafungua gazeti, akalifunga, akalifungua tena upande wa nyuma. "Hapa hayupo."

"Mwalimu, gazeti limechapwa jana. Mtu kafa leo."

"Gazeti langu likiwa halijasema, mtu anaweza akawa mgonjwa sana, akawa hoi kabisa, lakini hajafa."

"Basi mwambie huyu asubiri," Breki akasema, akaiweka simu juu ya meza.

Wakainama wote. Picha ilikuwa wazi. Inasu ndani ya jeneza, pamba puani, shada la maua kifuani, rozari imezungushwa vidoleni, mshumaa kichwani. Kitambi chake kilikuwa kimeinuka kidogo kupita ukingo wa jeneza.

"Ni yeye," Povu akasema. "Kitambi hicho hakina mwenyewe mwingine."

Glasi ya Devassy ilikuwa imefika karibu na mdomo wake, ikabaki hapo hapo.

Simu ya Povu ikaanza kulia mfululizo. Akaitazama. "Kundi la mtaa limeamka. Watu wanatuma pole."

"Wanasemaje?"

"Hawasemi. Wanatuma stika. Ile ya Inasu analia na kitambaa."

"Yaani wanamlilia Inasu kwa uso wa Inasu?"

"Kuna mwingine katuma ile anayovuta kamasi."

"Hiyo ni ya msiba wa karibu," Breki akasema. "Mimi mama mkwe alipofariki nilituma hiyo. Shemeji zangu wakaridhika kabisa."

Kamati akavua miwani. "Tuongee kwa heshima. Marehemu, kama kweli ni marehemu, alicheza filamu mia mbili na kumi."

"Na katika zote alipigwa kofi."

"Si zote."

"Mwalimu, nitajie moja ambayo hakupigwa."

Kamati akahesabu kwa vidole. "Ile ya konstebo."

"Alipigwa na mbuzi."

"Mbuzi hapigi kofi, Moideen. Mbuzi anapiga teke. Tuwe na takwimu sahihi."

"Haya, makofi mia mbili na tisa na teke moja. Mimi nasema shavu lile lingekuwa mlango wa ofisi ya serikali lingeshang'oka. Na shujaa yupi wa filamu hajafanyia mazoezi pale? Wote wamekuwa nyota, yeye kabaki shavu."

"Halafu akaamua kuwa mtayarishaji," Povu akasema, akiinua mkono wenye chai juu kabisa. "Hapo ndipo shetani alipomwingia."

"Usimseme shetani asubuhi."

"Mwalimu, ile filamu ya kwanza aliyoitoa mwenyewe, aliuza shamba la mpira la baba yake. Miti yote. Nikasema, sawa, mtu wetu, twende tukamuunge mkono. Naingia ukumbini, nani shujaa? Yeye. Msichana ana miaka ishirini, yeye kitambi kinafika kwanza, wanacheza kwenye theluji. Mke wangu akalala. Mimi nikalala. Fundi wa mashine naye nadhani alilala, maana sehemu ya pili ilianza kabla ya ya kwanza kuisha, na hakuna aliyelalamika."

"Filamu yake ya pili ilikuwa na ujumbe," Kamati akasema. "Ile ya haki ya maji."

"Ya pili tulikuwa watu wanne," Breki akasema. "Mmoja alikuja kujikinga mvua."

"Huyo nilikuwa mimi," Kamati akakiri. "Lakini ujumbe niliupata."

Wakacheka. Na kwa kuwa walicheka, Breki akajisahau. Akainua bega moja, akakohoa mara tatu, akasema kwa sauti ya puani, "Basi, tumshukuru Mungu."

Kicheko kikakatika. Povu alimkanyaga Breki chini ya meza, na Breki akatazama sufuria ya mvua kana kwamba ndiyo iliyosema.

Devassy aliweka glasi chini taratibu.

Kila mtu hapo alijua. Zamani, kabla ya sinema, Devassy na Inasu walikuwa na kikundi cha kuigiza sauti, watu wawili tu, wakipanda jukwaani kwenye sikukuu za makanisa na mahekalu. Devassy alikuwa radi, treni, na gari la zamani linalokataa kuwaka. Inasu alikuwa wanasiasa wote pamoja na ng'ombe wao. Inasu alilala nyumbani kwa Devassy miaka minne, akala kwa mama yake. Kisha akaenda Kochi, mji wa sinema, na filamu yake ya tatu ndiyo iliyomtoa. Alicheza mshenga wa ndoa mwenye bega moja juu, anayekohoa mara tatu kabla ya kusema, na ambaye baada ya kila balaa hutamka maneno yaleyale. Nyumba inaungua, tumshukuru Mungu. Bibi harusi katoroka na mpishi, tumshukuru Mungu. Kerala nzima ilishika mbavu. Chelakkadavu ilishika zaidi, maana ilijua bega lile ni la nani.

Lilikuwa la Devassy. Kikohozi kilikuwa cha Devassy. Maneno yalikuwa sala yake, aliyofundishwa na mama yake, na tangu filamu ile hakuweza tena kuisema mbele ya watu. Alijaribu mara moja, kwenye mazishi ya jirani. Mabega ya wafiwa yakaanza kutikisika, na si kwa kilio. Tangu siku hiyo, miaka ishirini na sita, aliisema moyoni tu, midomo imefungwa, kama mtu anayeficha jino bovu.

Hakumwona tena Inasu kwenye skrini wala uso kwa uso. Pasaka iliyopita Inasu alikuja na gari, akamwulizia kila mahali. Devassy alikuwa juu mnarani, akamwona vizuri kabisa. Akakaa huko huko na njiwa muda wa saa mbili na nusu, mpaka gari likaondoka. Akajiambia kuna Krismasi.

"Kaka Devassy," Breki akasema, "ulimi wangu hauna breki pia. Nisamehe."

"Hakuna neno."

Aliyewaokoa ni Sajeevan, aliyeingia mbio, shuka lake jeupe la kiunoni kalikunja juu ya magoti. Huyu ni Mabango, katibu wa klabu ya vijana, nafasi aliyoishika tangu akiwa kijana. Sasa ana miaka arobaini na sita.

"Mmekaa?" akauliza. "Mtu wetu kafa, nyinyi mmekaa mnakula bagia?"

"Ulitaka tuzile tumesimama?"

"Klabu ya kivukoni wameshampigia mchapaji. Nimeambiwa. Bango lao la rambirambi futi kumi kwa nane. Watalisimamisha pale njia panda kabla ya saa nne, halafu gari la televisheni likija litapiga picha bango gani? Lao. Inasu ni wa kwetu huku au wa kivukoni?"

"Alizaliwa huku," Kamati akasema. "Ingawa mkunga alitoka kivukoni."

"Mkunga haingii kwenye bango. Nimeagiza futi kumi na mbili kwa tisa. Picha za kamati nzima nilishazituma zamani, mchapaji anazo tangu tulipompongeza mbunge."

"Yangu ni ipi?" Kamati akauliza upesi.

"Ile ya kitambulisho."

"Ile nimefumba macho."

"Ni msiba, Mwalimu. Macho yaliyofumbwa yanafaa."

"Na yako?"

"Yangu ni ile ya miwani ya jua. Sina nyingine iliyo safi. Moideen, washa bajaji twende tukalichukue, lisilowe." Akageuka mlangoni, mvua ikimpiga mgongoni. "Na kengele je? Kaka Devassy, kivukoni hawana kengele. Tukigonga sasa, tumewashinda."

"Kengele ya kifo haigongwi kushindana," Devassy akasema. "Familia inamwambia padre, padre ananiambia mimi."

"Padre kaondoka baada ya Misa, yuko mafungoni mpaka jioni."

"Basi tungoje jioni."

"Na familia yake nani? Mama yake alishakufa. Mkewe yuko Kochi, hawezi kukumbuka kengele yetu."

Povu alikuwa anafuta glasi. Hakuinua macho. "Familia yake huku ni wewe, Kaka. Wewe ndiye uliyelala naye mkeka mmoja."

Mabango akamvuta Breki nje. Bajaji ikanguruma, ikaondoka. Devassy alitazama mvua, kisha akaitazama ile simu iliyobaki mezani, ya Povu, ambako watu walikuwa bado wanatuma nyuso za Inasu, nyuso hamsini, zote zinalia. Alijaribu kukumbuka lini alimwona akilia kweli. Ilikuwa siku ya mazishi ya mama yake Devassy, kabla ya sinema. Inasu alilia zaidi kuliko mwana mwenyewe, akavuta kamasi vilevile kama kwenye stika.

Akasimama, akalishusha shuka lake lililokuwa limekunjwa, akatoka bila mwavuli.

Mnarani, kamba ilikuwa na unyevu. Kwa mwanamume, Chelakkadavu hupiga mara tatu, kimya, mara tatu, kimya, mpaka mapigo yafikie umri wa marehemu. Devassy hakuhitaji kuuliza umri. Walizaliwa mwaka mmoja, na sasa wana miaka hamsini na tisa. Aliomba kwa kila pigo. Mwanzoni aliomba kwa maneno ya kitabu, kisha maneno ya kitabu yakamwishia, akabaki anasema, "Bwana, nilimwona kutoka huku juu. Nilimwona, na sikushuka." Alifika pigo la arobaini akapoteza hesabu, akaendelea mpaka mikono ilipokataa.

Aliporudi mgahawani, Povu na Kamati walikuwa wamesimama, mashuka yao yameteremshwa mpaka vifundoni kwa heshima. Povu akampa taulo na chai iliyojaa, bila povu. Hajawahi kumfanyia mtu yeyote hivyo.

"Umepiga vizuri," Kamati akasema. "Mimi siamini mambo hayo, lakini umepiga vizuri."

Devassy akakaa, maji yakimchuruzika.

Gari likasimama nje. Wakadhani ni bajaji, lakini mlango wake ulifungwa kwa adabu, na bajaji ya Breki haina mlango. Mtu mnene akavuka matope kwa kuruka ruka, kashikilia kofia kifuani, shuka kaliteremsha mpaka likawa linaburuzika majini. Akainama chini ya bati, akakwepa sufuria bila kuitazama.

"Nimeisikia tangu darajani," akasema kwa sauti ya chini. "Nani kafa?"

Chai ya Povu ilikuwa njiani kutoka birika la juu kwenda glasi ya chini. Ilipita glasi, ikamwagikia mguu wake, naye hakuutoa.

"Mbona hamjibu? Ni mzee gani?" Inasu akawatazama mmoja mmoja. Macho yake yakafika mwisho wa benchi, kwa Devassy, yakasimama hapo.

Devassy alikuwa ameinuka bila kujua. Koo lake likafanya lilivyozoea kufanya, mara tatu. Na kabla hajakumbuka kujizuia, yakamtoka, kwa sauti, mbele ya watu:

"Tumshukuru Mungu."

Povu akafungua mdomo kucheka, akamtazama Devassy usoni, akaufunga.

"Wewe," Kamati akamwambia Inasu, akinyoosha kidole, "kwa mujibu wa habari tulizonazo, umekufa."

"Mimi?"

Povu akamwonyesha simu yake, maana picha ilikuwa imeshafika kwenye kundi. Inasu akaitazama ile picha, akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu.

"Hii ni filamu yangu mpya," akasema. "Ninayoitengeneza mwenyewe."

"Nyingine?" Povu akasema.

"Acha nimalize. Ninacheza maiti. Saa mbili nzima nimelala jenezani, nasikiliza watu wananisema. Mpambaji wa nyuso kapiga picha hii jana, namkumbuka, alisema ni ya mke wake."

"Maiti?" Kamati akauliza. "Mwanzo mpaka mwisho?"

"Mwanzo mpaka mwisho."

"Hutaigiza chochote?"

"Ndiyo kazi ngumu kuliko zote, Mwalimu."

"Hapo sasa nakuunga mkono. Lakini nakuuliza mbele ya wananchi. Picha hii hukuisambaza wewe, ili upate tangazo la bure? Maana ubepari unaweza hata kufa ili uuze tikiti."

"Naapa kwa kaburi la mama. Simu yangu ilizima tangu jana jioni, sijui lolote. Mke wangu atakuwa anatafutwa na nchi nzima." Akajipapasa mifukoni kwa hofu ya kweli, kisha akamkazia macho Povu. "Kwa hiyo ile kengele?"

Povu akageukia birika. Kamati akalifungua gazeti.

"Ilikuwa yako," Devassy akasema.

Wakati huo huo bajaji ikaingia kwa kishindo, ikasimama mita tatu mbele ya pale ilipokusudia. Mabango na Breki wakaruka, wakalishusha bango kutoka juu ya paa, wakaanza kulikunjua mlangoni, migongo yao ikielekea ndani.

"Tumewawahi," Mabango akapiga kelele za furaha. "Kivukoni bado wanagombania rangi. Shika huko, Moideen. Povu, njoo uone msiba wa kisasa."

Bango likafunguka. Nyuso tisa za klabu, kila moja kubwa kama ungo, na katikati Mabango na miwani yake ya jua, akitabasamu kidogo. Kamati alikuwa amefumba macho. Pembeni chini, karibu na jina la mchapaji, palikuwa na kijipicha cha mtu mnene, mdomo umepinda, na kiganja cha mtu mwingine kikiwa bado shavuni mwake. Juu, kwa herufi nyekundu: ULITUCHEKESHA, LEO UMETULIZA.

"Yule pale chini ndiye mimi?" Inasu akauliza.

"Ndiye marehemu," Mabango akajibu bila kugeuka. "Haikupatikana picha ambayo hapigwi."

"Na mkono huu?"

"Wa shujaa. Tulitaka kuukata, mchapaji akasema ukiukata unakwenda na pua." Hapo akageuka. Upande wake wa bango ukamponyoka, ukaanguka ndani ya sufuria.

Breki akasogea. Alimgusa Inasu begani kwa kidole kimoja, kama anajaribu pasi. "Ana joto," akatangaza.

"Nimekufa na bado napigwa," Inasu akasema, akilitazama bango. "Na nyinyi tisa, mmekufa lini? Maana mtu akipita hapa atasema ajali ya basi, na huyu mnene pembeni ndiye dereva."

Hapo walicheka. Mabango alicheka wa mwisho, kwa uchungu, akipangusa miwani yake kwenye bango. Devassy hakucheka. Alikuwa bado amesimama.

"Mliyoniletea ni mengi," Inasu akaendelea, "lakini sikieni kilichonileta. Nilikuja kumwomba Padre aniruhusu nirekodi kengele ya kifo, kwa ajili ya mwisho wa filamu. Nilitaka ya hapa, nilitaka mkono wa mtu fulani. Pasaka nilikuja kwa hilo hilo, na kwa jambo jingine, nikamkosa. Leo nimegongewa kengele kamili, kwa jina langu, kwa mkono nilioutaka, nami niko darajani nimevua kofia, namwombea huyo aliyekufa. Na sikurekodi."

"Kaka Devassy ataigonga tena," Mabango akasema. "Si ndiyo, Kaka?"

Simu ya Devassy ikalia. Ilikuwa simu ya zamani, yenye vitufe, na sauti yake husikika mpaka jikoni. Akaitazama. "Ni Padre."

"Usipokee," Breki akashauri.

Devassy alipokea, akataka kuita jina la padre, na sauti ikakataa. Alikuwa amelowa, amelia mnarani, na sauti yote alikuwa ameitumia kwa lile neno moja.

"Devassy," padre akasema, na mgahawa mzima ukamsikia. "Watu kumi na wawili wamenitoa kwenye sala. Nani kafa? Nani kakuruhusu?"

Devassy akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Akageuza macho huku na huku, na Inasu, labda kwa mazoea ya kazi, labda kwa jambo jingine, akanyoosha mkono akaichukua simu. Bega lake moja likapanda. Akakohoa mara tatu.

"Padre," akasema, na ilikuwa sauti ya Devassy, si ile ya puani ya kwenye filamu, bali ile yenyewe, ya taratibu, ya mtu anayezungumza na kamba. "Nimekosa. Niliambiwa Inasu kafa. Sikumwuliza mtu yeyote. Nilikimbia mnarani kwa sababu Pasaka alikuja, nikajificha, sikumsamehe, na leo nikaona sina tena namna. Nikasema angalau kengele nimpigie."

Breki alitazama mdomo wa Inasu, kisha wa Devassy uliofungwa, kisha tena wa Inasu. Povu alijipangusa macho kwa kitambaa cha meza.

"Alichonifanyia kilikuwa kibaya, Padre," sauti ikaendelea, ikaanza kuyumba. "Alichukua sala yangu akaifanya kichekesho. Akapata nyumba Kochi. Mimi nikabaki kuisema kimoyomoyo. Na yeye alijua. Tangu siku ya kwanza alijua, na hakuja kuniambia. Alituma tikiti za bure."

Mvua ilisikika kwenye simu pia, mvua ya huko mafungoni.

Devassy akanyoosha mkono, akaichukua simu yake. Sauti ilikuwa imerudi, kidogo.

"Padre, aliyesema si mimi. Ni Inasu. Yuko hai, yuko hapa, ananichukulia sauti yangu tena." Akapumua. "Lakini alichosema ndicho. Sina la kuongeza."

"Yuko hai," padre akarudia polepole. "Na kwenye mnara ulijificha kweli?"

"Wewe ulijuaje?" Devassy akamwuliza Inasu badala ya kumjibu padre.

"Njiwa," Inasu akasema kwa sauti yake mwenyewe. "Walikuwa wanaruka kila unapokohoa. Nilikaa chini ya mnara muda wa saa mbili na nusu. Nikaona hutaki, nikaondoka."

"Devassy," padre akasema, "nikirudi tutaongea habari ya kamba. Lakini kwa hilo jingine, la msamaha, usiningoje mimi. Una watu hapo?"

"Yupo Mwalimu. Yupo Povu. Breki. Sajeevan na bango lake."

"Basi wanatosha. Sema wasikie."

Kamati akalikunja gazeti, akaliweka chini. Breki na Mabango wakateremsha mashuka yao. Inasu akasimama, kofia bado kifuani.

Devassy akaiweka simu mezani, padre akiwa bado ndani yake. Akakohoa mara tatu, na hakuna aliyetabasamu.

"Mnasikia wote," akasema. "Inasu, hiyo kengele ya filamu tafuta kwingine, kwa sababu mimi sitakugongea tena mpaka nikuone maiti kwa macho yangu haya, na nikuguse, na nikuvute pua nione kama ile pamba ni ya kweli. Lakini ukija ukiwa hai, siku yoyote, hata nikiwa mnarani, nitashuka. Nitashuka, nitakaa nawe hapa. Na hiyo filamu yako ya maiti nitaingia ukumbini siku ya kwanza, nikae mstari wa mbele, na isiponichekesha nitasimama kabla haijaisha nikwambie, mbele ya watu, kwa sauti yangu mwenyewe. Naahidi."